Ndaga Kabla ya Mpira

Wanangu wa mstari wa nyuma,

Jumapili baada ya ibada nahodha wenu Lugano alifika hapa nyumbani Ikolo. Aliegesha pikipiki kando ya migomba, akakaa bila kusema lililomleta mpaka chai ikapoa. Ndipo akaniambia kwamba mwalimu wenu mpya, ambaye mnamsifu na mimi nimesikia mema yake, amewauliza kwa nini mkiomba mpira mnaita "ndaga". Timu za Mbeya zinawacheka. Zinasema watu wa Kyela wanashukuru hata hawajapewa. Mwalimu anataka muite "mpira!" kama wanavyoita wengine, tena kuanzia Jumamosi hii mnapocheza Ipinda.

"Tata," Lugano akaniita kama mtu anavyomwita baba yake, "wenzangu wamenituma. Tuiache au tusiiache? Wewe ukisema tusiiache, hatuiachi."

Sikumjibu. Nilimwambia anywe ile chai hivyo hivyo. Kuzungumza kumekuwa kuzito kwangu tangu mama yenu Subilaga aliponiacha, na yeye ndiye mwenye neno hilo. Ila kuandika naweza, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mtanivumilia. Nitaandika namna mstari wa nyuma unavyogawana mpira, kama nilivyojifunza kwa miaka yangu ya kazi, na neno lile mtaliona lilivyoingia. Mkimaliza kusoma mtanielewa kwa nini sikumjibu Lugano pale pale.

Baadhi yenu mlikuwa hamjaanza shule raga ilipofika kwetu. Aliileta Mzee Ambakisye, aliyekuwa dereva wa malori Afrika Kusini. Alirudi na mpira mmoja kwenye begi. Watu wa Mbugani walipouona waliuliza kama ulikanyagwa na lori lake. Yeye alijibu, "Huu haukukanyagwa. Ninyi ndio mmezoea mipira iliyonenepa."

Mimi wakati huo nilikuwa nakata nyasi za kiwanja cha shule. Nilikuwa mwalimu msaidizi wa timu kwa sababu moja tu: ufunguo wa stoo ulikuwa kwangu. Mzee alisema hataki mtu anayekuja kila siku kufungua mlango halafu anaondoka, kwa hiyo kaa hapa. Nikakaa. Nilikaa mpaka nilipostaafu.

Kwa wadogo zenu watakaosoma hii, raga yetu ni ile ya watu kumi na watatu. Mpira unarushwa kwa mikono kwenda pembeni au nyuma, kamwe si mbele. Ukiangushwa nao unainuka, unauviringisha nyuma kwa mguu, mwenzako anauokota mnaendelea. Mkiangushwa mara sita, zamu yenu imekwisha. Wale wanene wa mbele wanaingia katikati ya ukuta wa wapinzani kama watu wanaosukuma gari lililokwama kwenye tope. Wakishaupinda ule ukuta, ndipo mpira unaletwa kwenu ninyi wa nyuma, kwa mgawaji kwanza, kisha kwa watu wa kati, mpaka kwa winga aliyesimama karibu na mstari. Kazi yenu ni moja. Mpira ufike kwa mtu ambaye hana mtu mbele yake.

Ni rahisi kuandika.

Mpira ulikuwa mmoja na vijana wengi, kwa hiyo tulijifunzia na matunda ya kokoa. Ukilitazama tunda la kokoa lililokomaa, lina umbo lile lile, na uzito wake unakufundisha kuheshimu vidole vya mwenzako. Tuliokota yale yaliyoanguka. Baadaye vijana wakaanza kuyasaidia kuanguka. Mama mwenye shamba la jirani alikuja kiwanjani na fimbo, akasimama mbele ya Mzee Ambakisye.

"Hawa wanao wanacheza na ada ya wajukuu zangu."

"Ndiyo, mama. Lakini tazama wanavyodaka, hata moja halijapasuka."

Wakati ule ule Gwakisa, mgawaji wetu, alirusha moja likampita mwenzake likapasukia kwenye goli, ute mweupe ukaruka mpaka kwenye kanga ya yule mama. Jioni tulikwenda wote kumpalilia shamba, na matunda ya kokoa tukayaacha.

Lakini walichojifunza kilibaki. Usimrushie mtu pale alipo, mrushie pale atakapokuwa. Mpira uende kifuani, usiende magotini wala nyuma ya bega. Na mpokeaji asisimame kuungoja. Asimame mbali nyuma, aanze kukimbia mapema, aukute ukiwa njiani. Mtu anayepokea akiwa amesimama ameshakamatwa, hata kama hajaguswa.

Hapo ndipo tuliposhindwa, na tulishindwa kwa kosa ambalo sidhani kama liko mahali pengine. Ninyi mnajua tulivyolelewa. Mkubwa akikupa kitu, unakipokea kwa mikono miwili, unakunja magoti kidogo, unasema "ndaga", yaani asante. Lugano wakati ule alikuwa mgeni kwenye timu, amewekwa winga, na Gwakisa alikuwa mkubwa wake kwa umri na jirani yao. Kila Gwakisa alipomrushia mpira, Lugano alipunguza mwendo, akakunja magoti, akaudaka vizuri sana, akasema, "Ndaga, kaka." Alipoinua uso, alikuta watu watatu wameshamrukia.

Mzee Ambakisye alipiga filimbi mpaka mate yakamtoka.

"Lugano! Unapiga magoti uwanjani? Hapa ni ukweni?"

"Samahani, Mzee. Ni mkubwa wangu."

"Anakupa mpira, hakupi baraka! Pokea ukimbie!"

Na hakuwa Lugano peke yake. Karibu wote walikuwa hivyo, isipokuwa Gwakisa, ambaye hakuwa na wa kumkunjia magoti. Tukitazama mstari ukishambulia, ilikuwa kama kutazama watu wanaopokezana sahani kwenye harusi. Adabu tupu, na hakuna aliyefika popote. Mzee akapiga marufuku. Hakuna magoti, hakuna ndaga, hakuna neno. Vijana wakatii, maana ni watiifu. Wakawa mabubu. Sasa Gwakisa akiushika mpira alikuwa hajui nani anakuja kulia, nani yuko mbali, nani amechoka. Anarusha mahali pasipo na mtu, mpira unaingia kwenye tope, wapinzani wanauokota kama yai la kuku aliyetagia njiani. Tulifungwa na kila mtu. Walimu wa shule wakaanza kuuliza kama raga ina faida gani, na Mzee akaanza kuongea habari za kurudi kwenye malori.

Nilikuwa nikifikiria hayo siku moja mchana nikitoka shambani na mkungu wa ndizi begani. Subilaga alitoka jikoni, akaja kunipokea, mikono ameshaikunjua. Nikiwa bado mbali naye, mkungu bado uko begani kwangu, akasema, "Ndaga."

Alikuwa akifanya hivyo tangu tulipooana. Siku ile ndipo niliposimama nikamwuliza.

"Mama Sekela, kwa nini unanishukuru kabla hujapokea?"

"Nikikushukuru mapema, utaona aibu kurudi nao."

"Nirudi nao wapi?"

"Sijui. Wanaume wana safari zao." Akacheka. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba mpaka leo. "Na wewe ukisikia ndaga unajua nipo. Unajua niko upande gani. Huhitaji kugeuza shingo na mzigo wote huo. Basi leta, au unataka nikushukuru tena?"

Kesho yake nilimsimulia Mzee Ambakisye maneno ya mke wangu, nikaomba ruhusa niseme na vijana. Niliwaambia: semeni ndaga, lakini isemeni kabla. Isemeni mkiwa mnakimbia.

Gwakisa akauliza, "Tushukuru hewa?"

"Shukuruni mpira unaokuja."

"Na usipokuja?"

 Jibu la hilo alikuja kunipa Lwitiko baadaye, nitafika.

Tulijaribu. Lugano alianza kukimbia kutoka nyuma, akaita "ndaga!" kwa sauti yote, na kwa kuwa shukrani alishaitoa, magoti yake hayakuwa na kazi tena. Aliudaka mpira akiwa kwenye mwendo, akapita mpaka mwisho wa kiwanja, akapitiliza hadi kwenye mtaro. Mzee Ambakisye alikuna kidevu. Kisha akasema, "Mwambie mkeo angekuwa kijana ningempa jezi."

Nilipofikisha salamu, Subilaga alijibu, "Mwambie jezi sitaki. Nataka jezi zifuliwe na waliozichafua." Tangu siku hiyo mnafua wenyewe. Wengine mlidhani ni sheria ya raga.

Kwa hiyo neno likawa chombo cha kazi. Aliye karibu anaita kwa mkato na kwa sauti ya chini. Aliye mbali analivuta, "ndaaaga", na mgawaji anajua kwa masikio kwamba huyu anahitaji mpira mrefu. Macho ya mgawaji yanabaki kwa adui, masikio kwa wenzake. Kama kuna jambo moja mtashika katika haya yote, lishikeni hilo, vyovyote mtakavyoamua kuita.

Jambo jingine ni wakati wa kuachia. Ukitoa mapema mno, yule anayekukaba anakuacha na kumfuata unayempa, na umemkabidhi mwenzako mpira pamoja na adui. Ukichelewa, unaanguka nao. Mzee Ambakisye alifundisha hivi: beba mpira kama bakuli la mbalaga, zile ndizi zetu za kupikwa, lililotoka jikoni sasa hivi. Linaunguza, lakini usilitupe kwa sababu linaunguza. Mfuate anayekukaba mpaka akutazame wewe tu, mpaka uone ameamua, bega lake limeinama. Hapo toa. Utaumia, maana yeye hawezi kujizuia tena. Mgawaji mzuri anaangushwa mara nyingi akiwa hana mpira. Gwakisa alikuwa akiinuka na tope puani akiuliza, "Amefika?" Hakuwahi kuona goli hata moja katika yale aliyoyatengeneza.

Sasa Lwitiko. Huyu alicheza katikati, kijana mrefu, mpole, mikono si mizuri sana. Ni yeye aliyegundua kwamba akikimbia kwa nguvu kuelekea ukutani akiita "ndaga!" kama mtu anayepewa urithi, wapinzani wawili wanamfuata, na mpira unaweza kupita nyuma yake kwenda kwa Lugano. Lazima apite safi, asimzibe mtu, mwamuzi akiona umemziba anapiga filimbi. Lakini akiita kwa moyo wote, wanamwamini. Aliita ndaga mechi nzima akapewa mpira mara chache sana. Hakupunguza sauti hata mara moja. Mgawaji naye akiamua kumpa kweli, Lwitiko anapita, kwa sababu siku hiyo wapinzani wamechoka kudanganywa na hawamwamini.

Mama yake alikuja Ipinda kumtazama. Mechi ilipokwisha, Lugano amebebwa mabegani, mama akanifuata amekasirika.

"Mwalimu, mwanangu kazi yake kupiga kelele tu? Anashukuru, anashukuru, hapewi kitu. Mnamfanya mjinga?"

Mimi nilianza kumweleza habari za ukuta na nafasi, nikajikanyaga. Subilaga alikuwa pale na ndoo ya maji ya wachezaji. Akamshika mkono.

"Mama Lwitiko, wewe ukitandika mkeka wageni wakakaa wakala, kuna anayeuliza mkeka umekula nini?"

"Hakuna."

"Na bila mkeka?"

"Wangekaa chini."

"Basi."

Mama Lwitiko alifikiri kidogo, akasema, "Lakini hata mkeka hukung'utwa. Mpeni na yeye mpira siku moja." Tukacheka, na tukampa. Aliudondosha.

Upepo nao msiusahau mkicheza Matema. Mchana upepo wa ziwani unaingia kiwanjani, na mpira mrefu unageuka angani kama umeitwa na mtu mwingine. Siku kama hiyo fupisheni pasi, songeni karibu. Wakati wa mvua vilevile, mpira ukiwa umelowa, usirushe kwa ufundi wowote. Mkabidhi mwenzako kama mtoto anayelala.

Mwalimu wenu ana simu inayorekodi mechi na kuzirudisha polepole. Alinionyesha siku mliyoniaga nilipostaafu. Nilikuwa nimesema miaka yote kwamba upande wetu wa kushoto ni mzito wa miguu. Simu ilionyesha miguu ni mizuri, ila wanaanza kukimbia wakiwa karibu mno. Mimi sikuwahi kuliona hilo. Kwa hiyo msidhani nawaambia ya zamani ni bora. Msikilizeni kijana huyo. Anaona vitu.

Nimebakiza moja, na ni gumu kwangu.

Siku ya kumzika Subilaga ninyi nyote mlikuja. Mlichimba kaburi. Mimi nilikaa kwenye majani ya migomba pamoja na wazee, lakini nilikuwa nawatazama, maana macho yangu yamezoea kuwatazama. Mlikuwa mnabadilishana jembe, na hakuna aliyelishika mpaka akachoka. Kabla mmoja hajaanza kuhema, mwingine alikuwa ameshasogea. Hamkuwa mnasema kitu. Nilijiambia, hawa wamejua kugawana. Nilitamani kumwambia mtu, na mtu niliyezoea kumwambia mambo hayo ndiye aliyekuwa ndani ya sanduku.

Baada ya maneno ya mchungaji walinipa koleo niweke udongo. Desturi ni kidogo tu, kisha unampa mwingine. Mimi niliweka, nikaweka tena, nikaendelea. Sikuweza kuliachia. Niliona nikiliachia, basi ndiyo imekwisha. Watu waliniacha kwa heshima. Nilisikia mwanangu Sekela akiniita, na mchungaji akisema polepole, "Inatosha, baba," nikawa kama sisikii. Udongo mwingine ulikuwa unamwagika pembeni.

Ndipo nikasikia upande wangu wa kulia, kwa mkato na kwa sauti ya chini, kama anavyoita aliye karibu: "Ndaga."

Sikugeuza shingo. Nilijua ni Lugano na nilijua alipo. Alikuwa amekunjua mikono yote miwili, na magoti ameyakunja, kwa sababu pale palikuwa mahali pake pa kukunja magoti. Alikuwa amenishukuru tayari, na koleo bado liko mkononi kwangu. Nikaona aibu kubaki nalo. Nikampa. Nyuma yake nikamsikia Lwitiko, "Ndaga," akalipokea, na Gwakisa, ambaye alisafiri kutoka kazini kwake kuja kuzika, na wengine, mpaka udongo ukasawazishwa. Mimi nilikwenda kukaa kwa Sekela. Nililia hapo kwa mara ya kwanza.

Sasa mnaniuliza muiache au msiiache.

Wanangu, nimelifikiria jibu kila siku tangu Jumapili, na najua jibu ambalo moyo wangu unalitaka. Nikipita barabara ya kiwanjani nikawasikia mkiita, ni kama naisikia nyumba yangu jinsi ilivyokuwa. Siwafichi hilo. Lakini hilo ni la kwangu, na ninyi mna mechi ya kucheza. Niliwafundisha mwenyewe kwamba mpira ukishatoka mikononi si wako tena. Mgawaji hakimbii nyuma ya winga akimwambia aushike kwa mkono gani. Anaanguka alipoangukia, anauliza kama umefika.

Neno hilo nililipokea kwa Subilaga, nikawapa ninyi. Mkiona "mpira!" inawafaa zaidi, iteni hivyo, kwa sauti, mkiwa mnakimbia, na mwalimu wenu msimpinge kwa ajili yangu. Mkiona mbaki nalo, mwelezeni lilikotoka, atawaelewa, na wa Mbeya waacheni wacheke wakiwa wanawakimbiza kwa nyuma.

Jumamosi nitakuja Ipinda. Sekela atanileta, nitakaa upande ule wa winga wa kulia. Sijui nitasikia nini.

Ndaga.